Nisasishe kivinjari au nikiache kilivyo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wenye steshenari, makarani wa ofisi za utalii, walimu na wanafunzi wa Moshi na Arusha, na karibu yote huulizwa mtu akiwa ameshika kipanya mkononi. Majibu yanahusu zaidi Chrome, Firefox na Edge.

Kama una haraka: ikiwa kompyuta yako ni Windows 10 au 11, na leo huna kitu cha kuwasilisha kabla ya muda kuisha, sasisha uendelee na kazi. Ugumu uko kwenye mashine za zamani na kwenye mifumo ya serikali, benki na ofisi inayogoma bila kusema sababu, kwa hiyo sehemu hizo zimepewa nafasi kubwa zaidi.

## Mambo ya mwanzo

Brauza ndiyo nini? Mimi natumia Google tu.

Google ni tovuti ya kutafutia vitu. Kivinjari, yaani brauza, ni programu inayokufungulia tovuti hiyo na nyingine zote: Chrome, Firefox, Edge, Opera, Safari. Swali la kusasisha linahusu hiyo programu iliyomo kwenye mashine yako. Tovuti husasishwa na wenyewe.

Nitajuaje niko toleo gani?

Pale juu unapoandika anwani, andika chrome://version kama ni Chrome, edge://version kama ni Edge, au about:support kama ni Firefox, kisha bonyeza Enter. Namba inayokuhusu ni ile ya kwanza kabla ya nukta. Ukimpigia fundi simu, mtajie namba hiyo pamoja na aina ya Windows. Utakuwa umemwokolea nusu ya maswali.

Mbona namba zinakimbia hivi?

Kwa sababu matoleo hutoka kwa ratiba, si kwa ukubwa wa mabadiliko. Tangu 2021 Chrome imekuwa ikitoa toleo kubwa takriban kila wiki nne, na Firefox nayo iko kwenye mwendo huohuo. Chrome ilifika 100 Machi 2022, Firefox ikafika Mei mwaka huohuo. Kwa hiyo mwenye toleo lililo nyuma kwa namba tatu amechelewa kama miezi mitatu tu. Mwenye toleo lililo nyuma kwa namba thelathini, huyo ana habari nyingine.

Kuna faida ya kweli au ni vitufe tu kuhamishwa hamishwa?

Vitufe huhamishwa, na inakera. Lakini sehemu kubwa ya kazi iliyomo kwenye toleo jipya huioni kwa macho: ni kuziba mianya ya usalama.

Mfano mmoja unatosha. Septemba 2023 uligunduliwa mwanya kwenye maktaba ndogo iitwayo libwebp, yaani kipande cha programu kinachotumiwa ndani ya programu nyingine, ile inayosaidia programu kuonyesha picha za aina ya WebP. Picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kumpa mshambuliaji njia ya kuingiza amri zake kwenye kompyuta. Hukuhitaji kupakua faili wala kubonyeza chochote, ilitosha ukurasa wenye picha hiyo kufunguka. Wakati marekebisho yanatolewa, tayari kulikuwa na watu wanaoutumia mwanya huo. Chrome, Edge na Firefox zote zilikuwa zimeibeba maktaba hiyo, na zote zikatoa toleo la dharura ndani ya siku chache. Aliyesasisha wiki ile alizibiwa. Ambaye Chrome yake ilikuwa imegandia kwenye namba ya zamani yuko wazi hadi leo, na kompyuta yake haitamwonyesha dalili yoyote.

Faida ya pili ni tovuti zenyewe. Wanaozitengeneza huzijaribu kwenye matoleo ya karibuni. Ukibaki nyuma sana unaanza kuona fomu isiyo na kitufe cha kutuma, ramani isiyofunguka, au WhatsApp Web inayokuambia kivinjari chako hakifai.

Je, ni lazima niwe nasasisha mwenyewe kila mara?

Kwa kawaida hapana. Kivinjari hupakua toleo jipya chenyewe kimyakimya, ila hukamilisha kazi pale unapokifunga na kukifungua tena. Hapo ndipo steshenari nyingi zinapokwama: kompyuta inalazwa usiku na kuamshwa asubuhi, Chrome ikiwa wazi na vichupo (tabs) arobaini, wiki baada ya wiki. Toleo jipya limeshashuka zamani, halijapata nafasi ya kuanza kazi tu. Funga madirisha yote ya kivinjari, fungua tena, angalia namba.

## Bando, umeme na kasi

Itakula MB ngapi?

Ukipakua kifurushi kizima cha Chrome au Firefox upya, tegemea kitu kama MB 100, wakati mwingine zaidi. Toleo linaloshuka lenyewe mara nyingi ni dogo kuliko hapo, kwa sababu huletwa yale yaliyobadilika tu. Ukiruka matoleo mengi, kifurushi kizima ndicho hushuka.

Linganisha na matumizi yako mengine kabla ya kulalamika. Video chache za dakika tano tano zinamaliza kiasi hichohicho. Kwenye Windows, ukiwa umeunganisha kompyuta na simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ule na uuweke kuwa wa kipimo, yaani wenye bando linalohesabiwa. Hiyo huzuia hasa upakuaji mkubwa wa Windows yenyewe, ambao ndio mwizi halisi wa bando. Mara nyingi kivinjari hulaumiwa bure.

Nina kompyuta sita dukani. Nipakue mara sita?

Hapana. Tafuta kwenye tovuti rasmi ya Google au Mozilla kifurushi kamili kinachosakinishwa bila intaneti, kipakue mara moja, kiweke kwenye flashi, pita nacho mashine moja baada ya nyingine. Usichukue kile kidogo cha MB moja au mbili: kile ni mjumbe tu, kila kompyuta itaingia mtandaoni kushusha mzigo wake yenyewe. Chunguza flashi kwa antivairasi kwanza, hasa kama ni ileile ambayo wateja huletea CV zao.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, kivinjari kinakufa?

Mara nyingi hakidhuriki. Chrome huweka toleo jipya kwenye folda yake, pembeni ya lile la zamani, na hubadilisha pale unapofungua upya. Umeme ukienda kabla ya hapo, la zamani linaendelea kufanya kazi na upakuaji unaanza tena baadaye. Kusasisha Windows ndiko kusikopenda kukatishwa, na kwa mashine ya mezani isiyo na UPS (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika) ni busara kusubiri saa ambazo umeme umetulia.

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 2. Toleo jipya si litaizidia?

Itakuwa nzito, lakini tayari ni nzito. Kurasa za siku hizi ndizo zilizonenepa, na toleo la zamani litazifungua kwa shida ileile huku likiwa na mianya. Chrome iliongezewa sehemu ya kuokoa kumbukumbu mwishoni mwa 2022, ambayo hulaza vichupo usivyovitumia. Iwashe kwenye mipangilio, upande wa utendaji. Punguza nyongeza (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari), punguza vichupo. Kama mashine inakubali kuongezewa RAM, hela hiyo itakusaidia kuliko kubaki na toleo la 2019.

## Kabla ya kubonyeza

Nitapoteza maneno ya siri niliyohifadhi?

Kusasisha hakufuti maneno ya siri, alamisho (bookmarks) wala historia. Kinachofuta ni vitu viwili ambavyo watu huvichanganya na kusasisha: kuondoa programu na kukubali ifute data zake, na kupigiwa Windows upya bila kuhifadhi kitu. Kilio cha "nilisasisha nikapoteza kila kitu" ukikichunguza, mara nyingi unakuta ni cha pili.

Ukitaka usalama zaidi, hamisha maneno ya siri kwenye faili kupitia mipangilio ya kivinjari, lihifadhi, halafu ukishamaliza shughuli lifute. Faili hilo haliko kwa fumbo lolote, anayelifungua anasoma kila kitu. Na wenye steshenari, hapa nasema bila kuzunguka: zimeni kabisa sehemu ya kuhifadhi maneno ya siri kwenye kompyuta za wateja. Mwanafunzi anayekuja kujaza maombi ya mkopo hapaswi kukuta akaunti ya aliyekaa kiti hicho kabla yake.

Ni siku gani isiyofaa kusasisha?

Siku ya mwisho ya kitu chochote. Una zabuni ya kupandisha kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali, au dirisha la maombi ya mkopo la HESLB linafungwa usiku, au mgeni wa safari anasubiri uthibitisho wa malipo kabla hajapanda ndege: fanya kazi na ulichonacho, sasisha kesho. Toleo jipya likija na kasoro, na huja nayo mara mojamoja, hutaki kuigundua saa tano na nusu usiku.

Zaidi ya hapo sioni sababu ya kusubiri. Wapo wanaosema wataacha wiki mbili wengine wajaribu kwanza. Kwa toleo lenye mambo mapya tu, hoja hiyo ina mashiko kidogo. Kwa toleo linaloziba mwanya unaotumika tayari, wiki mbili ni muda mrefu, na kwa mtumiaji wa kawaida si rahisi kutofautisha matoleo hayo mawili.

Kuna ujumbe umetokea katikati ya ukurasa: "Kivinjari chako kimepitwa na wakati, pakua hapa." Nibonyeze?

Usibonyeze. Huu ni mtego wa miaka mingi: tovuti halali inavamiwa, inawekewa ujumbe unaofanana na wa Chrome au Firefox, na kinachoshuka ni programu ya kuiba. Taarifa ya kweli haitoki ndani ya ukurasa. Hutokea kwenye fremu ya kivinjari chenyewe, juu kulia karibu na vitone vitatu au mistari mitatu. Ukiwa na shaka, funga ukurasa na uangalie namba kwa njia iliyoelezwa kwenye "Nitajuaje niko toleo gani?".

Hali kadhalika faili la "Chrome mpya" linalotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwenye simu, mlango ni Play Store tu.

Toleo jipya limenikera. Naweza kurudi nyuma?

Unaweza kujaribu, ila si rahisi na sishauri. Tangu toleo la 67, mwaka 2019, Firefox hukataa kufungua wasifu (profile, yaani folda ya data na mipangilio yako) uliokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi, na hukutaka uanze na wasifu mtupu. Chrome nayo ikirudishwa inaweza kuchanganya data zake. Halafu baada ya muda itajisasisha tena.

Njia nyepesi ni kuwa na vivinjari viwili kwenye kila mashine. Chrome ikizingua, unahamia Firefox au Edge hadi marekebisho yatoke, na kwa kawaida hayachukui siku nyingi.

## Mashine za zamani

Nimenunua kompyuta ya mtumba yenye Windows 7. Chrome inasema haiwezi kusasishwa tena. Nifanyeje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote mjini. Kompyuta zilizotumika zinazoletwa madukani ni nzuri kwa bei, na nyingi za umri huo zilikuja na Windows 7 au 8.1. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na 8.1 Januari 2023. Chrome ya mwisho kwa zote mbili ni toleo la 109. Kuanzia 110, lililotoka Februari 2023, inahitajika Windows 10 kwenda juu. Edge nayo iliishia hapohapo 109.

Kwa hiyo ukiona 109 kwenye Windows 7, kivinjari hakina ugonjwa. Kimefika mwisho wa barabara kwa sababu ya mfumo ulio chini yake, na kubonyeza kitufe cha kusasisha mara kumi hakutabadili kitu.

Firefox ilivumilia zaidi. Toleo la 115 la ESR (Firefox isiyobadilishwa mambo yake kila mwezi), lililotoka Julai 2023, liliendelea kupata marekebisho ya usalama kwenye Windows 7 na 8.1, na Mozilla iliongeza muda wake zaidi ya mara moja. Kama huna budi kuingia mtandaoni na mashine hiyo kesho asubuhi, weka Firefox ESR 115 badala ya Chrome 109. Ila ihesabu kama daraja la muda. Usifanyie benki humo.

Suluhisho la kudumu ni kubadilisha mfumo. Mashine nyingi zilizokuja na Windows 7 zinaweza kubeba Windows 10, hasa zikiongezewa RAM hadi GB 4 au 8 na kuwekewa SSD badala ya diski ya kuzunguka. Hiyo SSD peke yake hubadilisha mashine kiasi kwamba mwenyewe huuliza kama umempa nyingine.

Lakini Windows 10 nayo si imekwisha?

Huduma yake ya kawaida iliisha 14 Oktoba 2025, ndiyo. Vivinjari havikufa siku ile. Microsoft ilisema Edge itaendelea kusasishwa kwenye Windows 10 toleo la 22H2 hadi angalau Oktoba 2028. Windows yenyewe kukosa marekebisho ni hatari, sikatai, lakini kati ya Windows 7 yenye Chrome 109 na Windows 10 yenye kivinjari kipya, hakuna mjadala.

Fundi anataka kunipigia Windows 11 kwenye mashine hiyohiyo ya zamani.

Muulize kama ina TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Mashine ya enzi za Windows 7 haitakuwa navyo. Mafundi wana njia ya kuruka ukaguzi huo na mfumo utawaka, lakini Microsoft haikuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata marekebisho. Kwa lengo la kupata kivinjari kipya tu, si lazima ufike huko.

Na Linux je?

Kwa kompyuta ya maabara ya shule, au ya kuandika, kusoma barua pepe na kuingia kwenye mifumo, inafaa sana. Linux Mint ni bure, kima chake cha chini ni RAM ya GB 2 ingawa wenyewe wanapendekeza 4, na Firefox humo ni ya kisasa kabisa. Kikwazo ni vifaa: kabla ya kuamua, jaribu printa na skana yako kwa kuiwasha Mint kutoka kwenye flashi bila kusakinisha. Steshenari ambayo printa yake haikubali Linux haina la kufanya nayo.

## Mifumo ya serikali, benki na ofisi

"Fundi, mfumo umenigomea." Je, ni kwa sababu ya brauza ya zamani?

Inawezekana, lakini tazama saa kwanza. Sitanii.

Kompyuta ya mezani huchomolewa ukutani kila jioni kwa kuogopa umeme unaorudi kwa kishindo. Ndani, kwenye ubao mkuu, kuna betri ya mviringo ya CR2032, ukubwa wa sarafu, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Betri hiyo ikifa, kila asubuhi kompyuta inaamka ikiamini ni Januari mosi ya mwaka uliopita zamani. Cheti cha usalama cha kila tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kivinjari kikiangalia saa ya mashine na kuona leo ni 2015, kinakiona cheti kama cha siku zijazo na kugoma, kwa maandishi yenye ERR_CERT_DATE_INVALID. Kila tovuti inayoanza na https inagoma vivyo hivyo.

Mwenye duka anaondoa Chrome, anaiweka upya, bando linakwenda, tatizo liko palepale. Dawa: rekebisha tarehe, chagua majira ya Nairobi, UTC+03:00, ambayo ndiyo yetu pia, kisha nunua betri mpya. Ni kitu cha bei ndogo na fundi yeyote anacho.

Kama saa iko sawa, jaribu mfumo huo kwenye kivinjari cha pili. Ukigoma kote, jaribu kwa simu. Ukigoma na huko, tatizo ni lao, subiri. Ukikubali kwenye kivinjari kimoja tu, soma swali linalofuata.

Kwenye Firefox unafunguka, kwenye Chrome hapana. Na zote ni mpya.

Mara nyingi ni takataka za zamani: vidakuzi (cookies) na kache ya mfumo huo, yaani data ambazo kivinjari kilizihifadhi ulipoingia awali. Fungua dirisha la faragha, Ctrl+Shift+N kwenye Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox, uingie humo. Ukifunguka, futa vidakuzi vya tovuti hiyo moja. Usifute vya tovuti zote, utaondolewa kwenye akaunti zako zote na kuanza kutafuta maneno ya siri uliyoyasahau.

Wakati mwingine ni nyongeza, hasa ya kuzuia matangazo, inayofunga dirisha dogo la malipo au la kupakua risiti. Kwenye dirisha la faragha nyongeza huwa zimezimwa usipoziruhusu, kwa hiyo jaribio hilohilo linakupa majibu ya yote mawili.

Nilisasisha Chrome, kizuia matangazo changu kikapotea.

Google ilibadilisha kanuni za nyongeza, na zile zilizojengwa kwa utaratibu wa zamani zikazimwa hatua kwa hatua hadi 2025. uBlock Origin ni mojawapo. Ina ndugu yake aitwaye uBlock Origin Lite anayekubalika kwenye Chrome, mwenye uwezo mdogo kidogo. Firefox bado inaikubali ile kamili. Ukihama kwa sababu hii hutakuwa wa kwanza, na kwa mwenye bando dogo ni sababu ya kutosha, kwani matangazo nayo hula MB.

Kubaki na Chrome ya zamani ili kuilinda nyongeza, hapana.

Mashine ya CCTV ya duka inataka Internet Explorer.

DVR (mashine za kurekodi kamera) nyingi za miaka ya nyuma zilijengwa hivyo, na Internet Explorer ilistaafishwa rasmi 15 Juni 2022. Ndani ya Edge kuna hali ya Internet Explorer: ingia mipangilio, kivinjari chaguomsingi, ruhusu kurasa zipakiwe upya kwa hali hiyo, kisha ongeza anwani ya DVR. Microsoft imeahidi kuitunza hadi angalau 2029. Itumie kwa anwani hiyo ya ndani tu. Kama kampuni ya DVR ina programu yake ya kompyuta au ya simu, hiyo ni bora zaidi.

## Simu

Kwenye simu sioni kitufe cha kusasisha.

Fungua Play Store, tafuta Chrome. Ukiona neno la kusasisha, bonyeza; ukiona la kufungua tu, uko sawa. Ikigoma kwa kukosa nafasi, anza na video za WhatsApp.

Simu yangu ni Android ya zamani. Nimeishia wapi?

Chrome 95 ndiyo ya mwisho kwa Android 5, 106 kwa Android 6, 119 kwa Android 7, na 138 kwa Android 8 na 9. Kuanzia 139, ya mwaka 2025, inatakiwa Android 10.

Wenye Android 8 na 9 wana muda, tovuti bado zinafunguka. Wenye Android 6 kwenda chini wana tatizo lililokomaa: simu zao hazitambui cheti cha mzizi, yaani cheti kikuu kinachothibitisha vingine, cha Let's Encrypt, shirika ambalo vyeti vyake tovuti nyingi hutumia, na mpango wa kuwabeba ulikwisha Septemba 2024. Wao hupata onyo la usalama hata tarehe ikiwa sahihi. Hakuna toleo la Chrome litakalowafaa. Simu ya namna hiyo ibaki ya kupiga na kupokea.

Opera Mini inaokoa bando. Nibaki nayo?

Kwa kusoma habari, ndiyo. Kurasa hupitia kwenye seva za Opera, zinabanwa, ndipo zikufikie, na ubanaji ukiwa mkali zaidi ndivyo fomu nyingi zinavyoharibika. Kwa maombi ya kazi, benki au kupakia vyeti, tumia kivinjari kamili.

iPhone je?

Safari husasishwa pamoja na iOS. Simu isiyopokea iOS mpya haipati Safari mpya, na kwetu huku Chrome au Firefox ya iPhone hutumia injini hiyohiyo ya Apple, kwa hiyo kubadilisha kivinjari hakukuvushi.

Programu ya benki inajifunga yenyewe. Inahusianaje na kivinjari?

Programu nyingi za Android huonyesha kurasa zake kupitia kipande kiitwacho Android System WebView, ambacho husasishwa Play Store kama programu nyingine. Machi 2021 toleo bovu la WebView lilisababisha programu kujifunga kwenye simu za watu duniani kote, hadi Google ilipotoa jingine la kurekebisha. Hii ndiyo kasoro ya aina niliyoitaja kwenye "Ni siku gani isiyofaa kusasisha?". Tafuta WebView na Chrome Play Store, sasisha zote mbili, washa simu upya.

## Visa vya pembeni

Nimeona kuna Chrome Beta na Canary. Si ndizo mpya zaidi?

Ni mpya zaidi na ndizo zinazovunjika zaidi. Ni za wanaojaribu tovuti. Dukani hazina kazi.

Ofisi yetu haitaki mabadiliko ya kila mwezi. Kuna namna?

Firefox ESR. Mambo mapya huja takriban mara moja kwa mwaka, marekebisho ya usalama yanaendelea kama kawaida. Ofisi yenye makarani wengi, au maabara ya shule ambako mwalimu hataki kuanza upya kuonyesha kitufe kilipohamia, inafaidika nayo kuliko kuzima kabisa usasishaji. Kuzima kabisa kuna adhabu zake: 14 Machi 2025 cheti cha mzizi cha Mozilla kilifika mwisho, na waliokuwa kwenye Firefox ya chini ya 128, au ESR ya chini ya 115.13, walikabiliwa na kuzimika kwa nyongeza na kukwama kwa video zenye ulinzi.

Tuna kompyuta ya hesabu za duka isiyoingia mtandaoni kabisa. Nayo isasishwe?

Kama kivinjari chake hufungua programu ya ndani tu, na hakuna flashi za watu zinazoingia, kiache kilivyo. Ila siku ambayo kijana wa dukani ataiunganisha na simu yake "kidogo tu" ili aangalie matokeo ya mechi, inakuwa kompyuta ya mtandaoni kama nyingine, na majibu yote ya juu yanaihusu.